Uyoga Uotao Uwani: Tuujue Kabla ya Kuutia Chunguni



Mvua za masika zikishika, na za vuli vile vile, hapana uwanja wa mkulima usiotoa uyoga. Jioni mahali ni patupu, asubuhi pamesimama miavuli: penye jaa, chini ya migomba, kwenye gogo la mwembe uliokatwa mwaka jana, juu ya rundo la makumbi, na baina ya mikarafuu iliyo karibu na nyumba. Hapo huzuka maswali matatu. Mmoja huuliza kama uyoga huo waliwa. Wa pili huhofia mtoto wake atambaaye asije akautia kinywani. Wa tatu huuona chini ya mkarafuu wake, akadhani mti umekwisha kupatwa na maradhi. Tumeonelea tuyajibu yote matatu pamoja.

Neno letu kubwa tunalitanguliza, ili asiyefika mwisho wa makala haya asilikose: hapana dalili moja iwezayo kutenga uyoga wa kuliwa na uyoga wa sumu. Uyoga hujulikana kwa jina lake, na jina hupatikana kwa kuziangalia dalili zake zote, si moja wala mbili. Usiojulikana kwa yakini hauliwi.

UYOGA NI KITU GANI

Uyoga tuuonao juu ya ardhi ni kama embe juu ya mwembe: ni tunda tu. Mwenye tunda yumo chini ya udongo au ndani ya gogo, naye ni nyuzi nyeupe nyembamba kama pamba iliyochambuliwa. Inua kuti bovu lililolala chini siku nyingi, utaziona. Nyuzi hizo hazina ukijani, kwa hiyo haziwezi kujitengenezea chakula kwa jua kama majani yafanyavyo. Zilizo nyingi hula vitu vilivyokufa: majani, magogo, makumbi, samadi. Nyingine hushirikiana na mizizi ya miti iliyo hai, zikaipa maji na chumvi za ardhi, nayo mizizi ikazipa sukari. Na nyingine hulimwa na mchwa ndani ya vichuguu.

Wakati wa kiangazi nyuzi hukaa kimya. Zikipata maji ya kutosha hutoa tunda kwa siku chache, mara nyingine kwa usiku mmoja. Chini ya tunda hudondoka vumbi laini mno, nalo ndilo mbegu zake, likachukuliwa na upepo.

Basi mwenye kuung'oa uyoga hajauua. Amechuma tunda tu, na mvua ijayo utarudi. Wala hapana haja ya kumwaga dawa. Nyuzi hizo ndizo zigeuzazo taka zetu kuwa udongo mweusi, na bila ya hizo magogo na majani yangelitujalia viwanja. Mwenye watoto wadogo na aung'oe kila asubuhi kabla hawajatoka nje kucheza, aufukie mbali, na magogo mabovu ayaondoe. Kuushika kwa mkono hakudhuru. Sumu yake ni ya kula, si ya kugusa. Baada ya kuushika tunawe mikono.

DALILI ZA UONGO

Yafuatayo husemwa sana na watu, na hata moja halifai kutegemewa.

Husemwa kwamba sarafu ya fedha au kitunguu thomu kikitiwa chunguni kikageuka cheusi, uyoga una sumu; kisipogeuka, ni salama. Si kweli. Sumu mbaya kupita zote haigeuzi rangi ya fedha wala ya kitunguu.

Husemwa kwamba uyoga ulioliwa na konokono au wadudu waliwa na binadamu pia. Si kweli. Konokono hula uyoga wa sumu na asidhurike, kwa kuwa tumbo lake si tumbo letu.

Husemwa kwamba ngozi ya kofia ikichunika kwa wepesi, uyoga ni mwema. Si kweli. Uyoga wa kuua nao huchunika.

Husemwa kwamba mwekundu ni wa kuogopwa, na mweupe ni wa kuaminiwa. Huu ni uongo wa hatari zaidi, maana katika uyoga uuao watu wengi duniani umo ulio mweupe kabisa, na ulio na rangi ya kijani iliyofifia.

Husemwa kwamba uyoga uotao juu ya mti hauna sumu. Si kweli. Iko aina ndogo ya kahawia iotayo juu ya magogo mabovu katika nchi za baridi, nayo ina sumu ile ile ya kuua.

Na husemwa kwamba kuuchemsha, kuukausha juani au kuutia chumvi na siki huondoa sumu. Sumu nyingine hupungua kwa moto, lakini iliyo mbaya kupita zote haiondoki kwa kupikwa, wala kukaushwa, wala kugandishwa kwa barafu. Ladha nayo si shahidi: wako waliokula uyoga wa kuua, wakasema ulikuwa mtamu.

MASWALI SABA YA KUULIZA

Atakaye kuutambua uyoga na aulize maswali haya kwa mpango, kila mara, na majibu ayaandike.

La kwanza: umeota juu ya nini? Majanini, juu ya gogo, juu ya samadi, penye jaa, au penye mchwa? Mara nyingine uyoga huonekana kama umeota udongoni, kumbe chini yake kuna mzizi uliokufa. Fukua kidogo uone.

La pili: mguu wake ukoje chini? Usiuvunje kwa mkono. Uchimbue mzima kwa kisu au kijiti, mpaka ufike mwisho wake, maana dalili kubwa huwa imefichika ardhini. Angalia kama mguu umesimama ndani ya kifuko kama ganda la yai lililopasuka, au una tunguu, au unashuka kama mzizi mrefu.

La tatu: chini ya kofia kuna nini? Vipo vibamba vyembamba vilivyopangika kama kurasa za kitabu, au vipo vitundu vidogo kama vya sifongo, au ni patupu? Kama ni vibamba, rangi yake ni gani uyoga ungali mchanga, na rangi gani ukikomaa?

La nne: mguuni pana pete? Je, pete imeshikamana, au yaweza kusogezwa juu na chini kama pete ya kidoleni?

La tano: ukiukata unageuka rangi? Wekundu, manjano, au buluu? Na harufu yake je?

La sita: kitumba chake kikoje ndani? Ule ulio bado duara kama yai, ukate katikati toka juu hata chini. Ukiwa mweupe sawasawa ndani kama jibini, bila ya mstari, huo ni jamaa mmoja. Ukiona ndani umechorwa mwavuli mdogo, huo ni uyoga wa kofia usiofunguka bado, na huenda ukawa ule wa kuua. Ukiona utomvu mzito kama ute, huo ni uyoga unukao, tutautaja mbele.

La saba, na hili ndilo lenye faida kubwa: vumbi la mbegu zake ni la rangi gani? Kata mguu, laza kofia juu ya karatasi safi, vibamba vikiangalia chini, uifunike kwa bakuli usiku kucha. Karatasi iwe nusu nyeupe na nusu nyeusi, kwa sababu vumbi jeupe halionekani juu ya karatasi nyeupe. Asubuhi inua kofia taratibu, utakuta mchoro uliochorwa na vumbi: mweupe, wa waridi, wa kahawia, mweusi, au wa kijani. Watoto wa skuli hufurahi sana kwa kazi hii, na huwafundisha kuangalia badala ya kuonja.

TUNAOKUTANA NAO MARA KWA MARA

Mwavuli wa majanini wenye vumbi la kijani. Huu ndio wa kuangaliwa kupita wote, maana huota pale pale penye majani mafupi wachezapo watoto, mara nyingi kwa duara. Ni mkubwa na mzuri wa kutazama. Kofia yake yaweza kufika upana wa sahani, nyeupe, yenye magamba ya kahawia katikati. Mguuni ana pete iwezayo kusogezwa. Vibamba vyake huwa vyeupe akiwa mchanga, kisha hugeuka rangi ya kijani kibichi chenye kijivu, na vumbi lake ni la kijani. Wataalamu humwita Chlorophyllum molybdites, naye hupatikana katika nchi za joto duniani kote, na Afrika ya Mashariki imo. Mwenye kumla hutapika na kuharisha vibaya baada ya saa 1 mpaka 3, na mtoto aweza kuishiwa maji mwilini. Huko Marekani ya Kaskazini ndiye uyoga wa sumu uliwao kwa makosa kupita wote. Hila yake ni moja: akiwa mchanga kijani hakijatokea, na wapishi huwapenda walio wachanga.

Uyoga wa mchwa. Huu ndio usifiwao sana bara, nao ni chakula kizuri. Kofia yake ina ncha ngumu katikati, vumbi lake ni la waridi hafifu, na mguu wake hushuka ardhini kama mzizi mrefu mpaka ufike kwenye masega ya mchwa. Jina lake kwa wataalamu ni Termitomyces. Iko aina moja yake, inayopatikana Zambia na nchi za jirani, ambayo kofia yake hufika upana wa mita 1. Auvunjaye mguu juu ya ardhi huupoteza mzizi, na mzizi ndio ushahidi wake mkubwa.

Uyoga wa mabua. Huota penye majani ya migomba yaliyooza, mabua ya mpunga na taka za jikoni. Kofia yake ni ya kijivu cha kahawia, mguu hauna pete, bali chini umo ndani ya kifuko, na vumbi lake ni la waridi. Waliwa, na huko Asia hulimwa kwa wingi. Lakini kifuko hicho ndicho kileta balaa, kama tutakavyoeleza.

Uyoga wa manjano wa vyunguni. Huota kwenye vyungu vya maua, mdogo, rangi yake kama bizari. Hauliwi, huchafua tumbo. Viyoga vyote vidogo vyenye miavuli ya magamba na pete nyembamba tuviache kabisa, kwa kuwa baadhi ya jamaa zao wana sumu ile ile ya kuharibu ini.

Uyoga wa magogoni. Huku kuna jamaa wengi. Uko ulio kama sikio la mtu, wa kahawia, unaotikisika kama utomvu ulioganda. Jua likiwaka hukauka ukawa mgumu, mvua ikinyesha hulainika tena. Wachina huupenda sana. Uko ulio mfano wa kombe, wenye vibamba vishukavyo mguuni. Jamaa zake ndio walimwao na kuuzwa masokoni kwa jina la mamama. Viko vidogo kama kipepeo, vyenye nywele za kijivu na vibamba vilivyopasuka kati. Na uko mwembamba mgumu, mwekundu kama embe lililoiva mno, usiofaa kwa jikoni.

Uyoga unukao. Hutoka katika yai jeupe, ukasimama ghafla na wavu mweupe kama jarife ukining'inia kiunoni, na harufu ya mzoga. Watu humdhania mambo. Hakuna jambo: harufu huwaita nzi, na nzi ndio wachukuao mbegu zake.

Viyoga vya samadi. Vingi ni vyembamba, hutoka alfajiri na kufikia adhuhuri vimekwisha kunyauka au kuyeyuka kama wino. Baadhi yao huvuruga akili ya mwenye kula. Tusiviguse kwa kitoweo.

UYOGA WA MAUTI, NA MSAFIRI ALIYEKOSEA

Uyoga uuao watu wengi kupita wote asili yake ni Ulaya. Una rangi ya kijani iliyofifia, vibamba vyeupe, vumbi jeupe, pete mguuni, na kifuko chini. Kofia moja yatosha kumwua mtu mzima. Hauoti popote, bali hushirikiana na mizizi ya miti kama mialoni, na umesafiri na miche ya miti hiyo mpaka Afrika ya Kusini na Australia. Hatusemi kwamba unaota katika mashamba yetu ya karafuu. Tunautaja kwa sababu ya funzo lake.

Huko Canberra, mji mkuu wa Australia, watu wawili walikufa mwanzoni mwa mwaka 2012 baada ya kuula katika chakula cha mkesha wa mwaka mpya. Wageni watokao Asia ni katika wanaopatwa mara nyingi na ajali hii, kwa kuwa uyoga huo mchanga wafanana na ule wa mabua walioula kwao tangu utotoni. Wote wawili wana kifuko. Tofauti ni pete na rangi ya vumbi: wa mabua hauna pete na vumbi lake ni la waridi, wa mauti una pete na vumbi lake ni jeupe.

Funzo ni hili: elimu ya uyoga ni ya mahali pake. Mama wa Tabora au Iringa aujua uyoga wa miombo kwa jina, kwa mti wake na kwa mwezi wake, na elimu yake ni ya kweli. Mwaka 2003 kilitolewa kitabu kizima cha uyoga wa Tanzania, kilichotungwa na Härkönen, Niemelä na Mwasumbi, nacho chaonyesha jinsi wenyeji wanavyozitambua aina nyingi. Lakini uyoga mwingi wa miombo hushirikiana na miti ya miombo, na miti hiyo siyo iliyojaa mashambani mwetu. Basi ndugu aliyekuja huku toka bara akaona uyoga "kama ule wa nyumbani" na asite. Kufanana si kuwa mmoja.

UYOGA CHINI YA MKARAFUU

Sasa tumjibu yule wa tatu. Mizizi ya mkarafuu inayo kuvu rafiki yake, lakini kuvu hiyo haitoi miavuli. Uyoga wenye kofia uotao chini ya mkarafuu kwa kawaida hula majani yaliyoanguka, makonyo na mizizi iliyokufa. Wenyewe si maradhi.

Maradhi ya mkarafuu ya kufa ghafla, ambayo wataalamu waliyachunguza Unguja na Pemba katika miaka ya 1950, walionyesha kuwa yahusiana na kuvu iitwayo Valsa eugeniae. Hiyo haisimamishi mwavuli. Matunda yake ni vidoa vidogo mno katika gome. Maradhi ya kufa matawi nayo huletwa na kuvu nyingine, iingiayo penye vidonda, kama pale tawi lilipovunjwa wakati wa kuchuma. Basi mwenye kuuhofia mti wake aangalie juu kwenye majani na matawi, na katika gome, wala asihangaike na viyoga vya chini. Na wachumaji waonywe wasivunje matawi.

Uyoga wa kuogopwa kwa ajili ya mti ni ule mgumu kama ubao, utokao katika shina la mti mkubwa ulio hai, awe mwembe au mnazi. Huo waonyesha kwamba ndani ya shina mnaoza. Mti kama huo ukiwa karibu na nyumba, aitwe bwana shamba autazame kabla upepo haujauangusha.

MTU AKISHAKULA

Akiona kichefuchefu, tumbo kusokota, kutapika au kuharisha baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali mara moja, awe Chake Chake, Wete, Mkoani au Mnazi Mmoja, ipi iliyo karibu. Waende na wenziwe wote waliokula sinia moja, hata wasioumwa. Uchukuliwe uyoga uliobaki, mbichi na uliopikwa, katika karatasi wala si katika mfuko wa plastiki. Ziandikwe saa mbili: saa ya kula, na saa ya kuanza kuumwa.

Saa hizo ni muhimu kwa daktari. Sumu ichafuayo tumbo tu huanza upesi, kwa saa chache. Sumu ya ini huchelewa, mara nyingi saa 6 mpaka 12 au zaidi. Kisha ina udanganyifu: baada ya kutapika na kuharisha, siku ya pili au ya tatu mgonjwa huona nafuu, watu wakasema amepona, na kumbe ini ndilo linaloharibika. Nafuu hiyo isimrudishe mtu nyumbani bila ya ruhusa ya daktari. Njiani anyweshwe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo akiweza kumeza. Asipewe maziwa wala mafuta ati yavunje sumu.

Siku hizi simu nayo hutaja jina la uyoga kwa kuangalia picha. Jina hilo ni la kuanzia kuuliza, si ruhusa ya kupika, kwa sababu picha haioni kifuko kilichobaki ardhini wala vumbi ambalo halijadondoka. Mwenye hamu ya uyoga na anunue mamama uliolimwa. Mwenye hamu ya kujua na auchimbue mzima, autolee vumbi lake juu ya karatasi, aandike majibu ya maswali saba, kisha ampelekee bwana shamba.

Wanachama wenzetu, sumu ya uyoga haina haya na mgeni wala na mwenyeji. Waambieni watu wa nyumbani, na hasa watoto, neno hili moja: uyoga hutazamwa na wote, na huliwa na ajuaye. Tahadhari kabla ya hatari.